Sekunde Kumi na Moja

Barua ilikuja saa nane usiku, feni ikizunguka kwa kusitasita,
hapa Kuze, ghorofa ya pili, juu ya duka la bizari.
Haikutoa salamu. Haikuuliza hali.
Ilisema: video yako imezuiwa, mwenye mali amedai.

Mali gani?
Nilikuwa naendesha gari lisilokuwepo
katika mji usiokuwepo,
redio ya gari hilo ikaimba sekunde kumi na moja
kabla sijawahi kuizima.
Kumi na moja. Nimezihesabu kwa kidole,
kama ahesabuye deni asilokumbuka kulikopa.

Sikuimba mimi.
Mimi nilikata kona vibaya, nikavunja kibanda cha mayai,
nikacheka, nikasema, "Haya, nani atamlipa mwenye mayai?"
Watu elfu tatu wanijua kwa neno hilo.

Asubuhi nikamweleza shangazi, Bi Mwanamkuu,
akikunja leso za kupeleka Barabara ya Biashara.
"Kwani umeiba?"
"Sijaiba. Nimecheza, nikasema juu yake."
"Mchezo ni wako?"
"Nimeununua."
"Anunuaye leso hujifunga.
Hendi nayo kiwandani akapiga chapa nyengine."
Kisha akanyamaza, akacheka peke yake,
maana leso iliyokuwa mkononi
ilibeba jina alilolitunga mwenyewe, mwaka ule alioachwa:
MLANGO NIMEUFUNGA, UFUNGUO NAUCHEZEA.
Alilitoa kwa mdomo, dukani, bure.
Likarudi kutoka ng'ambo na pindo jengine,
na sasa yeye mwenyewe hulinunua kwa jumla.

"Hukudai?"
"Nimdai nani? Kila aliyelivaa
alikuwa na mlango wake."

Nikakaa kuandika pingamizi.
Kisanduku kilinipa herufi mia tano.
Nilitaka kusema: kwetu, ajibuye shairi
hulishika neno la mwenziwe, akalipindua mbele ya watu,
na hakuna aliyeita mwizi;
mwizi ni yule achukuaye shairi zima
akafuta jina kwa mate.
Herufi ziliniishia kwenye "mwenziwe".
Nikafuta. Nikaandika: *Nimetumia kidogo, kwa maelezo.*
Nikaona haya, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Siku ya nne, bado nangoja,
nikaiona.
Video yangu yote, dakika ishirini na sita,
imegeuzwa kama kwenye kioo,
namba za magari zikisomeka kinyume,
sauti yangu imekazwa ikawa nyembamba kama ya kifaranga.
Nani atamlipa mwenye mayai?
Watazamaji elfu arubaini.
Na nyuma ya kicheko changu, dakika ya tisa, wazi kabisa,
shangazi yuwaita kutoka jikoni:
"Swabri! Maji yamekuja!"

Hapo damu ikanichemka.
Nikafungua fomu ileile iliyonikamata mimi,
nikaijaza kwa pupa, mpaka swali la mwisho:
*Je, wewe ni mwenye vyote vilivyomo?*

Gari si langu. Mji si wangu.
Wimbo nimekwisha kuambiwa ni wa nani.
Kilichobaki ni kona iliyokatwa vibaya,
mayai ambayo hayakuvunjika popote,
na mwanamke anayeita watu wake wakinge maji.

Nikamwita aje aisikie.
Akainama karibu na skrini, miwani kwenye paji la uso,
akasikiza mara mbili.
"Wangapi wamenisikia?"
"Elfu arubaini."
Akatafakari kidogo, akairudia leso yake.

"Na maji yenyewe," akasema, "siku ile yalikuwa ya chumvi."